Fahamu: Tezi dume imekua, kibofu hakitulii
Mzee wa Runyenjes anayepanda matatu kwenda Embu mjini huku akiwaza choo kitapatikana wapi huenda ana matatizo mawili. Tezi dume iliyokua hubana njia ya mkojo. Kibofu nacho, kwa kusukuma muda mrefu, huanza kujikaza ovyo.

Dawa ya tamsulosini hulegeza misuli ya tezi. Dawa ya tolterodini hutuliza kibofu. Madaktari wengi waliogopa kuzichanganya, mkojo usije ukaziba kabisa. Lakini utafiti wa Marekani wa 2006, uliohusisha wanaume 879, ulionyesha kuwa baada ya wiki 12 asilimia 80 ya waliopewa zote mbili walisema wamenufaika, dhidi ya 62 ya waliopewa dawa bandia. Kuziba kulikuwa nadra.

Dawa hizi zinaweza kukausha kinywa. Kabla ya kuanza, mwombe daktari apime mkojo unaobaki kibofuni.