Kasongo na Kabambare: ampli mbili za stereo zikigeuzwa mono, bateri ndiyo inayolipa

Nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, hazina umeme wa laini. Muziki wa harusi, wa kanisa au wa baa za Salamabila unategemea pano za jua, bateri na jenereta. Kwa hiyo mwenye ampli mbili ndogo za stereo, ambaye hana pesa za kununua moja kubwa, hujiuliza: je, kila moja inaweza kugeuzwa mono na kusukuma bafle yake peke yake?

Inawezekana, lakini si kwa kila ampli.

Ampli ya stereo ina pande mbili. Ikiwekwa mono kwa swichi iliyoandikwa BRIDGE, pande zote zinapokea sauti moja, ila upande mmoja unaipindua: huu ukisukuma, ule unavuta. Bafle inafungwa kati ya + ya kushoto na + ya kulia, au jinsi ilivyoandikwa mgongoni mwa ampli. Volti zinakuwa mara mbili, na kwa hesabu wati zinakuwa mara nne, ingawa ampli nyingi hazifikii hapo.

Mfano wa karibu ni radio ya gari, ambayo wengi huifunga nyumbani kwa bateri. Kwa volti 12, upande wa kawaida hauwezi kupita wati 4.5 safi kwenye bafle ya omu 4. Kwa mtindo wa kusukuma na kuvuta zinafika karibu 18. Radio nyingi za gari zimeundwa hivyo tayari ndani, kwa hiyo waya zake za bafle hazifai kuunganishwa tena, wala waya wa – kugusishwa kwenye bodi.

Ampli isiyo na swichi hiyo isilazimishwe. Ukifunga bafle kati ya + mbili bila sauti kupinduliwa, mwimbaji, ambaye kwa kawaida huwekwa katikati ya stereo, anapotea karibu kabisa. Mafundi wengine wanadhani bafle imekufa.

Hatari kubwa ni omu. Bafle ya omu 8, kila upande unaiona kama ya omu 4. Ya omu 4 inaonekana kama ya 2. Ukifunga bafle mbili za omu 8 pamoja, + kwa + na – kwa –, umeshafika huko. Ampli nyingi za nyumbani hazikuundwa kubeba omu 2: zinapata joto, kisha transista zinaungua. Na kwa barabara za huku, transista mpya inaweza kusubiriwa siku nyingi.

Njia ya upole ipo: kila ampli isukume bafle moja kwa upande mmoja tu. Wati haziongezeki sana, ila mashine inapumua.

Hata wati mara nne hazifanyi sikio lisikie mara nne. Ni desibeli 6 tu, na sikio huhitaji karibu 10 ili lione sauti imekuwa mara mbili. Bateri, yenyewe, haipunguziwi hesabu. Ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya risasi ni vizuri itumike nusu tu. Ampli mbili zikivuta wati 200 kwa pamoja, hiyo nusu inakwisha kwa saa tatu: harusi iliyowasha muziki saa mbili usiku inanyamaza saa tano.