Lifti ya gari nyumbani: Pima sakafu kabla ya kuuliza bei

Toyota Noah ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Ikiwa juu ya lifti na fundi yuko chini yake anafungua sampo, kinachomlinda si mota wala mafuta ya haidroliki. Ni loki za chuma, bolti chache na zege lililozishika.

Ndiyo maana anayetaka kuweka lifti kwenye gereji ya nyumbani, iwe kwa magari yake au kwa kazi ndogondogo za uani, anakosea akianza na bei. Aanze na mahali itakapokaa.

Aina tatu

Nguzo mbili: Mikono minne hushika gari chini ya bodi na matairi yanabaki yananing'inia. Fundi anafika karibu kila sehemu: breki, shokapu, giaboksi. Ila mzigo wote unabebwa na nguzo mbili zilizofungwa chini kwa bolti, kwa hiyo ndiyo inayodai sakafu imara kuliko zote.

Nguzo nne: Gari linapanda kwa matairi yake. Imetulia zaidi, na gari jingine linaweza kuegeshwa chini yake. Kwa kazi ya breki na matairi inahitaji kuongezewa jeki ya kati.

Mkasi: Haichukui nafasi kubwa. Ile ya kimo cha kati hunyanyua gari mita 1.2 hivi. Inatosha kwa breki na matairi, lakini chuma chake kinakaa katikati na kuziba njia ya kufikia giaboksi na ekzosi.

Sakafu

Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili hutaka zege lenye unene usiopungua milimita 100, lisilo na nyufa, na lililokaa siku 28 tangu limwagwe. Kitabu cha lifti husika ndicho chenye neno la mwisho.

Sakafu nyingi za nyumbani hazikujengwa kwa mzigo huo. Vigae haviongezi nguvu yoyote, na matofali ya pevingi hayafai kabisa kushika bolti. Njia rahisi ya kujua ni kutoboa tundu dogo kwa drili na kupima kina cha zege. Likiwa jembamba, sehemu ya nguzo inakatwa na kumwagwa zege jipya. Gharama hiyo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya lifti.

Dari

Hapa hesabu ni nyepesi: kimo cha gari jumlisha kimo cha kunyanyua. Lifti ya nguzo mbili ikipandisha Noah yenye kimo cha mita 1.85 hadi mita 1.8, zinahitajika zaidi ya mita 3.65. Chini ya dari ya mita tatu, Noah hiyo itagonga kabla haijafika kimo hicho. Hapo mkasi wa kimo cha kati unafaa kwa gari dogo kama Toyota IST, lakini kwa Noah hata huo hautapanda hadi mwisho.

Uzito

Lifti iliyoandikwa tani nne haimaanishi kila kona inabeba tani nne. Katika nguzo mbili, kila mkono hubeba robo, yaani tani moja. Na gari halina uzito sawa pande zote, kwani upande wa injini huwa mzito zaidi. Mwenye Land Cruiser au pikapu ya dizeli asinunue lifti inayolingana na uzito wa gari lake tu. Aache nafasi ya ziada.

Umeme

Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, wakati baadhi ya lifti zina mota ya njia tatu. Hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Umeme ukikatika gari likiwa limekaa juu ya loki, halidondoki. Tatizo ni kulishusha: kwa kawaida lazima linyanyuliwe kidogo kwanza ndipo loki zifunguke. Kama lifti haina pampu ya mkono na nyumbani hakuna jenereta, gari litasubiri huko juu mpaka umeme urudi.

Kwa lifti iliyotumika, mnunuzi aangalie kebo, mipira ya mafuta na kibao cha uzito, kisha aone loki zikishika pande zote kwa pamoja. Isiyo na kibao wala kitabu, ni bora kuiacha.

Kama kazi ni kubadili oili tu

Hapo lifti si lazima. Jeki ya troli na stendi za chuma kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare vinatosha, ilimradi gari likae juu ya stendi kabla mtu hajaingia chini. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Tofali nalo lisitumike, maana hupasuka ghafla bila dalili.

Na kwa mwenye lifti, zipo sekunde chache za kuokoa maisha: matairi yakiachana tu na ardhi, asimamishe, alisukume gari kwa mkono aone kama limekaa sawa, kisha aendelee kupandisha. Likifika juu, alishushe mpaka likae kwenye loki. Baada ya hapo ndipo aingie chini na spana yake.