Ndoa ya kuvuka ziwa ikivunjika, nani anabaki na nini?

Kwa mfanyabiashara wa Port Bell, Mwanza na Kisumu si ugenini. Meli za mizigo kama MV Umoja na MV Kaawa zimeunganisha bandari za ziwa hili kwa miaka mingi, na biashara hiyo imeunganisha watu pia. Wapo waliooana, wakajenga upande mmoja na kufungua duka upande wa pili. Taabu huanza ndoa inapovunjika: ziwa ni moja, sheria ni tatu.

Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inayotambua malezi ya watoto na hata usimamizi wa biashara ya familia. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Uganda, majaji huongozwa na ibara ya 31 ya Katiba na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013 katika shauri la Rwabinumi na Bahimbisomwe: mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa haigeuki kuwa ya wawili kwa sababu tu mmeoana. Kinachopimwa ni mchango, wa fedha au wa kazi.

Jihadhari pia na ndoa ya kuishi tu pamoja. Tanzania, miaka 2 ya kuishi kama mke na mume inaweza kuhesabiwa kuwa ndoa. Uganda, hata miaka 20 haitoshi.

Ardhi ndiyo yenye mtego mkubwa. Uganda humpa mgeni ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Tanzania haimgawii mgeni ardhi ila kwa uwekezaji. Kwa hiyo hati huandikwa jina la mwenyeji, hata kama fedha za matofali zilitoka kwa mwenzake. Na kiwanja cha Mwanza hakigawiwi na hakimu wa Kampala.

Akiba ya uzeeni nayo ina mwenyewe. NSSF ya Uganda humlipa mwanachama, kwa kawaida akifika miaka 55. Tangu marekebisho ya 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Mke aliyeacha kibanda ili alee watoto hana jina humo, ila sheria hiyo hiyo inamruhusu kujiwekea kwa hiari. Afungue akaunti yake sasa, ndoa ikiwa na amani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza cheti cha ndoa, risiti za saruji, ujumbe wa fedha za simu na hati za mizigo. Mtaji mliochanga uandikwe, kila mmoja akitia saini. Anayeandika hamtakii mwenzake talaka. Anazuia ugomvi wa kesho.