Balbu za Kubana Matumizi ya Umeme: Je, Zina Faida Nyumbani?

Kamati ya usharika inapopitia matumizi ya nyumba ya mchungaji, ofisi au zahanati, gharama ya umeme haikosi kuzungumzwa. Wengi huuliza kama kuna haja ya kununua balbu zinazobana umeme ilhali balbu za zamani bei yake ni ndogo. Jibu ni kwamba zina faida, ila ukubwa wa faida hiyo hutegemea mambo mawili: balbu unayoiondoa, na saa inazowaka.

Aina tatu za balbu

Balbu ya zamani ina waya mwembamba ndani yake, nao hutoa mwanga kwa kupata moto mkali. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto tu, na hudumu kwa takribani saa 1,000. Aina ya pili ni ya mirija iliyojikunja, ambayo wengi tunaiita enaji seva. Aina ya tatu ni LED, nayo iliyotengenezwa vizuri hufikia saa 15,000 au zaidi. Kwa mwanga unaokaribiana, ya kwanza hutumia wati 60, ya pili wati 14, na ya tatu wati 9.

Tupige hesabu

Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Tuchukue nyumba yenye balbu tano zinazowaka saa tano kila siku. Kwa siku 30, balbu za zamani zitatumia uniti 45, enaji seva uniti 10.5, na LED uniti 6.75. Kwa hiyo anayetoka balbu za zamani kwenda LED anaokoa takribani uniti 38 kwa mwezi, bali anayetoka enaji seva anaokoa chini ya uniti nne.

Kwa wateja wadogo wa daraja la D1, jambo hili lina uzito wa pekee. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja huyo alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo, familia iliyotumia uniti 100 ililipa shilingi 16,250. Ikipunguza uniti 38 ingelipa shilingi 6,200. Tofauti hiyo ya shilingi 10,050 kila mwezi ni fedha ya madaftari na sabuni. Kwa kuwa madaraja na bei hutofautiana, kila nyumba ipige hesabu yake kwa risiti yake ya LUKU.

Tuanzie wapi?

Si lazima kubadilisha balbu zote kwa siku moja. Anza na ile inayowaka muda mrefu. Taa ya ulinzi ya wati 60 inayowaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 21.6 kwa mwezi, na LED ya wati 9 mahali pale pale hutumia uniti 3.2 tu. Balbu ya stoo inayowashwa dakika kumi kwa siku hutumia uniti 0.3 kwa mwezi, hivyo iache mpaka iungue yenyewe. Enaji seva iliyo nzima nayo iendelee kutumika.

Tahadhari

Enaji seva ina zebaki kidogo ndani yake, ambayo ni sumu. Ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha na subiri angalau dakika kumi. Usifagie kwa ufagio. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, viweke kwenye chombo kinachofungwa vizuri, na usivichome kwenye shimo la taka. Kwa sababu ya zebaki hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022, huko Bali, kwamba utengenezaji wa balbu hizi na biashara yake kati ya nchi na nchi vikome ifikapo mwisho wa mwaka 2025.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wetu wasitume makasha ya enaji seva zilizoondolewa kwingine, hata kama bado zinawaka. LED chache zilizo bora zitasaidia zaidi.

Wakati wa kununua

1. Angalia lumeni, yaani kipimo cha mwanga. Lumeni 800 zinalingana na balbu ya zamani ya wati 60.
2. Hakikisha kama kishikio chako ni cha pini au cha kuzungusha.
3. Dai risiti na waranti. LED hafifu huungua mapema, hasa mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, na hapo faida yote hupotea.
4. Usiifungie LED ndani ya kava lisilopitisha hewa, kwa kuwa joto hufupisha maisha yake.

Tunashauri kila kamati iteue mtu mmoja wa kuandika idadi ya balbu katika majengo ya usharika, wati zake na saa zinazowaka. Orodha hiyo ikiletwa kikaoni, itaonekana wazi ni balbu zipi za kubadilishwa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.