Njugu mbili, koo mbili

Eti njugu mawe na njugu karanga ni ndugu kwa kuwa jina ni moja? Nasema sivyo. Njugu mawe, mmea wa asili ya Afrika, una kromosomu 22 sawa na kunde, jamaa yake wa karibu. Karanga ina 40. Kumbe huko Amerika Kusini mimea miwili ya mwituni, kila mmoja na kromosomu 20, ilizaa chotara aliyerithi 10 kwa kila mzazi; kisha zote 20 zikajirudufu. Hiyo ndiyo poliploidi. Lakini faida ina gharama: karanga haizaani kwa urahisi na jamaa zake wa mwituni, wenye kinga dhidi ya magonjwa yanayomtesa mkulima. Jina huunganisha, kromosomu hutenganisha.