Kumpima Mwanafunzi Aliyeko Kazini

Kila mwaka, masomo ya darasani yakishafungwa, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hutawanyika viwandani, maofisini, hospitalini, shuleni na katika mamlaka za maji kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Na baada ya majuma yapatayo manane hurejea chuoni na daftari la kazi za kila siku lililogongwa mihuri, fomu ya tathmini iliyojazwa na msimamizi wa kazini, na ripoti iliyojalidiwa vizuri. Kutokana na karatasi hizo, pamoja na ziara ya mhadhiri ambayo aghalabu huwa ni moja, tena ya haraka, mwanafunzi hupewa alama. Mimi, ambaye kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kuzipitia karatasi za namna hiyo, nashikilia kwamba alama nyingi huthibitisha tu kuwa mwanafunzi alikuwapo na kwamba alikuwa na adabu, ilhali habari ya yale aliyojifunza huachwa kando.

Adabu si jambo dogo, wala simpunguzii mtu heshima ya kuwahi kazini. Walakini kuchanganya mwenendo na maarifa ni desturi ya tangu zamani kwetu. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliazimia kwamba kijana amalizapo sekondari asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi, kisha aje na ushuhuda wa mwajiri wake kuhusu bidii na tabia yake. Nia ya azimio lile ilikuwa njema, maana lilitaka elimu isimtenge msomi na watu. Lakini ushuhuda ule ulikuwa wa kumpima mtu, haukuwa wa kupima elimu yake, na fomu zetu za leo zimeirithi sura yake pasipo kuirithi sababu yake: mahudhurio, utii, ushirikiano, unadhifu, na mwisho kabisa mstari mmoja wa ujuzi wa kazi.

Fauka ya hayo, mistari hiyo mingi haimpi mpimaji macho mengi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alitangaza aliyoyaona katika alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa watu waliokuwa chini yao: aliyesifiwa umbo alielekea kusifiwa pia akili, uongozi na tabia, kana kwamba sifa zote hizo ni moja, kwa sababu mpimaji huwa amekwisha kumhukumu mtu mzima kabla ya kuzitazama sifa zake moja moja. Msimamizi wa kiwandani naye ni binadamu. Kijana mchangamfu, mwepesi wa salamu, atajaziwa alama katika kila mstari, na mwenziwe mkimya, ambaye pengine ndiye aliyeielewa mashine, atapunjwa.

Tulitazame na daftari, ambalo lingeweza kuwa shahidi bora kuliko wote. Tuchukulie mwanafunzi wa uhandisi aliyepelekwa mamlaka ya maji, akaandika: leo tulipima klorini katika vituo sita. Sentensi hiyo ni ya kweli, ina muhuri, na haimwambii mtahini lolote. Maji hutiwa klorini ili yabaki na kinga njiani, na Shirika la Afya Duniani hutaka kiasi kisichopungua miligramu 0.2 kwa lita kimfikie mtumiaji. Mwanafunzi anayejifunza ataona kwamba kipimo cha tangini kilikuwa kikubwa na cha mwisho wa bomba kidogo. Atauliza sababu, naye ataambiwa, au ataivumbua mwenyewe, kwamba klorini huliwa na uchafu na utando ulioshika ndani ya mabomba, na kwamba hupungua zaidi kadiri maji yanavyokawia njiani. Hatimaye ataandika shauri ambalo angelitoa lau angeulizwa, ama kulisafisha bomba la mwisho, ama kuongeza klorini katikati ya njia badala ya kuizidisha mwanzoni mpaka wakazi wa karibu na tangi walalamikie harufu. Kurasa tatu za namna hiyo zinatosha kumhukumu mtu kwa insafu, na kurasa hamsini za ile namna ya kwanza hazitoshi.

Waalimu wa utabibu wametutangulia katika jambo hili. George Miller wa Marekani, katika makala ya mwaka 1990, alipambanua kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha mbele ya mtahini, na kutenda katika kazi yenyewe. Na mtihani wa karatasi, hata ukiwa mgumu namna gani, haupandi zaidi ya daraja la pili. Mwaka 2005 Olle ten Cate wa Uholanzi akaja na rai kwamba msimamizi aulizwe ni kazi ipi angediriki kumwachia mwanafunzi huyu aifanye pasipo kusimamiwa. Mafundi cherehani wa Pwani hawakungoja makala hizo: mwanagenzi hushonea vitambaa vya majaribio hata siku anapokabidhiwa kitambaa cha mteja, na hapo kila mtu barazani hujua amefika wapi.

Wapo pia waliopelekwa mahali ambapo kutwa kazi yao ilikuwa kutoa nakala na kupanga majalada. Kuwanyima alama hao kwa ajili ya ufukara wa mahali ni dhuluma, na kuwapa alama za bure ni kuwadhulumu mara ya pili. Nionavyo mimi, apimwe mwanafunzi kwa alivyoitumia nafasi iliyokuwapo, na chuo nacho kikipime kituo, kisipeleke tena watu mahali pasipo na kazi ya kuwafunza.

Basi nawasihi wakuu wa idara: mhadhiri afike kituoni mara mbili, katikati na mwishoni, maana kujifunza ni kubadilika, na badiliko halionekani kwa kutazama mara moja. Aketi na mwanafunzi daftari likiwa wazi baina yao, achague siku yoyote, amuulize kwa nini kazi ile ilifanywa vile na leo angeifanyaje. Msimamizi naye aulizwe lile swali la kuaminiwa na kazi. Mahojiano hayo ndiyo yastahiliyo kubeba sehemu kubwa ya alama, na muhuri ubaki na kazi yake ya kuthibitisha mahudhurio.