Shati la Hempu na Migomba ya Magwagwa

Marobota ya mitumba yanayofunguliwa Magwagwa, kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, huja na kila aina ya kitambaa, na mara moja moja hutokea shati zito lenye lebo iliyoandikwa hemp. Anayejua maana yake huenda akalirudisha haraka. Hempu ni mmea mmoja na bangi, na bangi kwetu ni kesi. Hofu hiyo inaeleweka, ila nguo yenyewe haina neno.

Kinacholewesha kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC, na mmea huitengeneza zaidi katika vinyweleo vya maua yake. Aina zinazolimwa kwa ajili ya nyuzi zimechaguliwa hadi kemikali hiyo ikabaki kidogo mno: Marekani, kwa sheria yake ya kilimo ya 2018, kikomo ni asilimia 0.3. Tena uzi hautoki kwenye ua. Hutoka kwenye gome la shina, ambalo hulowekwa au kuachwa kwenye umande hadi likalegea, likapondwa, likachanwa, ndipo likasokotwa. Vaa shati hilo mwaka mzima, halitakulewesha.

Sifa za hempu shambani ni za kweli. Kilo moja ya kitambaa cha pamba, kwa wastani wa dunia, hugharimu takriban lita 10,000 za maji, ukihesabu mvua na umwagiliaji. Utafiti wa taasisi ya mazingira ya Stockholm wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hempu hutumia chini ya nusu ya maji ya pamba. Hukomaa kwa muda wa miezi minne hivi, na kwa kuwa hupandwa kwa kubanana, kivuli chake hulifunika gugu kabla halijainuka, hivyo dawa za magugu hupungua. Pamba nayo huandamwa na funza wa vitumba, na mkulima hushika bomba la dawa tena na tena.

Hata hivyo, kwa maoni yangu pamba siyo mshindani wa kuhangaikia. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, na poliesta ni zao la mafuta ya petroli. Nguo ya poliesta ikifuliwa hutoa vijiuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki, dada yake poliesta, zinaweza kutoa vijiuzi zaidi ya 700,000 katika ufuaji mmoja wa mashine. Kufua kwa mikono hutoa vichache zaidi, ila hutoa. Maji ya povu tunayomwaga kando ya kijito hufuata mteremko hadi Mto Sondu, na Sondu humwaga Ziwa Victoria, ambako samaki wetu hutoka. Hempu, pamba na kitani navyo hupukutika, lakini hivyo ni selulosi, na vijidudu vya udongo na maji hujua kuila.

Huhitaji maabara kutofautisha. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye upindo wa ndani, zishike kwa kibano na uziwashe kwa kiberiti juu ya bakuli la maji. Uzi wa mmea huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni la kijivu, laini, hupeperuka ukipuliza. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kipira kigumu ambacho kucha haiwezi kukivunja. Usikiguse kikiwa bado cha moto, maana hunata kwenye ngozi na kuichoma.

Sasa upande wa mwili. Katika hewa ya kawaida, poliesta hubeba unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake. Pamba hubeba karibu 8, na hempu karibu 12. Ndiyo maana anayechuma majani chai mchana wa jua akiwa na fulana ya poliesta huhisi jasho limetulia mgongoni. Ngozi inayoshinda na unyevu kwenye makwapa na mapajani ni mahali ambapo fangasi hupenda kukaa, na nguo inayonyonya jasho husaidia. Isiwe sababu ya kumwamini muuzaji anayedai kwamba shati la hempu huua bakteria. Madai hayo huenea kuliko ushahidi wake. Mwenye choa aende zahanati.

Na mvua? Nyamira haikosi mvua. Hempu ikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka, wakati poliesta huanikwa asubuhi ikavaliwa mchana. Hempu hujikunja pia, na ikiwa mpya huwa ngumu kama gunia. Faida ni kwamba kila ufuaji huilainisha, na uzi wake hauchakai upesi.

Lakini asitokee mtu akapanda hempu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, katika kifungu cha 28, umeacha nje kilimo cha mmea huu kwa ajili ya nyuzi na mbegu peke yake. Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu mwaka 2020. Kenya bado: sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inakataza kilimo chake, na hakimu hatakuuliza kama ulikusudia kufuma. Naona bunge lingefanya vema kutenganisha hempu na bangi, kwa masharti na ukaguzi.

Kwa sasa, nyuzi zimesimama nyuma ya nyumba zetu. Mgomba huzaa mara moja tu, ukishatoa mkungu hukatwa, na shina lake limejaa nyuzi ndefu za selulosi. Mwaka mzima Gusii yote hukata mashina. Uganda, kampuni ya TexFad iliyoanzishwa na Kimani Muturi hukwangua nyuzi hizo kwa mashine na kutengeneza mazulia na hata nywele za kusuka. Ufilipino hulima abaka, ndugu wa mgomba, kwa ajili ya kamba na karatasi, na Okinawa, Japani, hufuma kitambaa cha mgomba kiitwacho bashofu, chepesi cha kuvaliwa wakati wa joto.

Tusijidanganye kuhusu shati. Uzi wa mgomba wetu wa chakula ni mkakamavu kuliko hempu, na kuulainisha hadi uvalike kunataka kazi nyingi au kemikali. Mikeka, vikapu, kamba na mikoba ndiyo mianzo ya busara. Shina nalo lina kazi nyingine: ng'ombe wa zizini hulila, na likikatwakatwa huwa matandazo yanayorudisha potasiamu ardhini. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kulibeba kwa bodaboda hadi mbali ni kulipia maji nauli. Mashine ndogo ikae karibu na mashamba.

Kuna hatari moja ambayo kikundi chochote kikijaribu lazima kiijue mapema: mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao unasumbua magharibi mwa Kenya na husafiri kwenye utomvu ulioshika panga. Shina la mgomba mgonjwa lisitoke shambani mwake, na panga lichovywe kwenye jiki au lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shamba la jirani. Mabaki ya kukwangua yarudi kwenye mashina ya migomba ile ile yalikotoka, yasitupwe kijitoni, kwa sababu yakioza majini huimaliza oksijeni na samaki wadogo hufa.